Je, Wajua? Mwili Hukata DNA Yake Ili Upate Kinga

Je, wajua kwamba kila kingamwili iliyomo katika damu yako ilianza kwa DNA kukatwa makusudi? Haikukatwa na sumu wala mionzi. Seli changa ya kinga, ikiwa bado imo ndani ya uboho wa mfupa, hukata kromosomu zake yenyewe, nyuzi zote mbili za DNA kwa pamoja, hutoa kipande cha katikati kisha huunga ncha zilizobaki. Seli ya ini au ya ngozi ikipatwa na mkato wa aina hiyo huwa imo hatarini: isipoutengeneza upesi, hufa au hushika njia ya saratani. Seli ya kinga hujitia katika hatari hiyo kwa hiari yake, na imekuwa ikifanya hivyo mwilini mwako tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako.

Siri hii ilifichuliwa kwa sehemu kubwa na panya mgonjwa.

Katika kituo cha utafiti wa saratani cha Fox Chase, mjini Philadelphia, Marekani, Melvin Bosma na wenzake walikuwa wakifuga ukoo wa panya weupe ulioitwa C.B-17. Sehemu ya kazi yao ya kila siku ilikuwa kupima kingamwili katika damu ya panya hao. Safari moja vipimo vya panya kadhaa wa uzazi mmoja vikatoka vitupu. Bosma hakuwatupa panya hao, aliwazalisha, na ule upungufu ukajitokeza tena kwa wajukuu na vitukuu. Mwaka 1983 yeye, Gayle Bosma na R. P. Custer wakautangaza ugunduzi huo katika jarida la Nature. Panya hao wakaitwa scid, herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la ugonjwa wa upungufu mkubwa wa kinga, ambao madaktari walikuwa tayari wanaufahamu kwa watoto wachanga.

Kwa macho panya wa scid hana tofauti na mwenzake. Anakula, anakimbia, anazaa. Tofauti huonekana akipasuliwa: tezi ya thaimasi, ambayo kwa panya mzima hukaa juu ya moyo ikiwa nono na nyeupe, kwake ni kipande kidogo cha nyama kisicho na umbo, wengu ni mdogo, matezi ya shingoni na ya kwapani hutafutwa kwa shida. Chembe za aina zote mbili zinazokumbuka maadui, yaani limfosaiti B na limfosaiti T, hazipo. Kwa hiyo hufugwa katika vizimba vyenye vichujio vya hewa, chakula na matandiko yao hupikwa kwa mvuke mkali kuua vijidudu, na anayewahudumia huvaa glavu na barakoa. Wakiachwa katika kizimba cha kawaida, kuvu aitwaye Pneumocystis, ambaye panya mwenye afya huishi naye bila kumjua, huwajaa mapafuni na kuwaua.

Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba jeni iliyoharibika kwa panya hao inashughulika na kinga tu. Kisha, mwaka 1990, Fulop na Phillips wa Toronto, Kanada, wakawaweka panya wa scid kwenye mionzi. Kiasi ambacho panya wa kawaida hukivumilia kiliwaangamiza. Na si seli za damu peke yake zilizodhurika. Hata seli za ngozi zao, ambazo hazina kazi yoyote ya kutengeneza kingamwili, zilishindwa kuziba mikato ya DNA iliyoletwa na mionzi hiyo. Hapo ndipo watu waliposhtuka. Jeni moja, kazi mbili ambazo hakuna aliyetarajia zikutane: kumkinga mnyama na maradhi, na kutengeneza DNA iliyokatika.

Ili kuelewa kwa nini zinakutana, turudi kwenye swali lililowasumbua wataalamu kwa miongo mingi. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazotengeneza protini. Lakini anaweza kutengeneza kingamwili za mabilioni ya maumbo tofauti, hata dhidi ya kemikali iliyobuniwa maabara jana. Maelekezo ya mabilioni hayo yamewekwa wapi? Mwaka 1976 Susumu Tonegawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Basel, Uswisi, pamoja na Nobumichi Hozumi, walionyesha jibu kwa kutumia DNA ya panya. Maelekezo hayo hayajaandikwa popote yakiwa kamili. Yamewekwa vipande vipande, na kila seli B huchagua vyake na kuviunga. Kwa mnyororo mzito wa kingamwili ya binadamu kuna vipande vinavyofaa vipatavyo 40 vya aina ya kwanza, 23 vya aina ya pili na 6 vya aina ya tatu. Zidisha: 40 mara 23 mara 6 ni 5,520. Mnyororo mwepesi nao una vipande vyake, na minyororo hiyo miwili ikikutanishwa hesabu hupita milioni. Bado hujafika. Mahali pa kuungia, seli hupunguza herufi chache na kuongeza nyingine kwa kubahatisha, na hapo ndipo mabilioni yanapopatikana. Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Mwenye kukata alijulikana baadaye. Mwaka 1989, katika maabara ya David Baltimore mjini Cambridge, Massachusetts, David Schatz na Marjorie Oettinger waliitambua jeni ya RAG1, na mwaka uliofuata ikapatikana pacha wake, RAG2. Protini za jeni hizi hutafuta alama fulani kwenye DNA, hushika alama mbili kwa wakati mmoja na kukata hapo hapo. Mwaka 1992 walitengenezwa panya wasio na jeni hizo. Nao hawakuwa na kinga kabisa, ila walipowekwa kwenye mionzi walistahimili kama panya wengine. Maana yake ni wazi. RAG ni mkasi wa fundi wa nguo, na jeni iliyoharibika kwa panya wa scid ni sindano yake. Fundi asiye na mkasi hapati nguo mpya, lakini zilizochanika bado anaweza kuzishona. Asiye na sindano amekosa yote mawili, na vitambaa alivyokwisha kuvikata vinabaki mezani.

Na mkasi huo wenyewe una historia ya kushangaza. Je, wajua kwamba huenda ulikuja mwilini mwetu kama mdandiaji? Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yalionyesha ndani ya chupa za maabara kwamba protini za RAG zinaweza kuchomoa kipande cha DNA na kukichomeka penginepo, tabia ya vipande vya DNA vinavyohamahama, ambavyo huishi kwa faida yao wenyewe ndani ya seli za wengine. Mwaka 2016 ndugu wa vipande hivyo, akiwa bado na uwezo wa kuhama, alipatikana ndani ya kiumbe mdogo wa baharini anayefanana na samaki lakini hana uti wa mgongo. Inaelekea kwamba yapata miaka milioni 500 iliyopita mhamaji mmoja aliingia kwa mababu wa wanyama wenye taya, akafugwa, na tangu hapo papa, chura, kuku na binadamu wanamtumia kutengeneza kinga.

Sasa tuitazame sindano. Jeni yenyewe inaitwa Prkdc, na kwa panya imo kwenye kromosomu ya 16. Protini inayotokana nayo ni jitu: asidi amino 4,128 zimeungana katika mnyororo mmoja, ilhali insulini ina 51 tu. Katikati ya miaka ya 1990 ilijulikana kasoro ya panya wa Philadelphia ni ipi hasa. Herufi moja ya DNA ilibadilika karibu na mwisho kabisa wa jeni, neno la kawaida likageuka kuwa amri ya kukoma. Protini yao huishia kwenye asidi amino ya 4,045. Zinakosekana 83 za mkiani. Karibu sehemu 98 katika kila 100 za protini ziko salama, na panya hana kinga, kwa kuwa mkia huo uko katika sehemu inayofanya kazi.

Kazi inafanyika hivi. RAG ikishakata, ncha mbili zinazotakiwa kuungwa hazibaki wazi. Kila moja hujikunja na kujifunga, uzi mmoja ukiungana na mwenzake, hata pasiwe na pa kuungia. Protini iitwayo Ku, yenye umbo la pete, huwahi na kujivika kwenye ncha. (Ku iligunduliwa Japani mwaka 1981 katika damu ya mgonjwa ambaye kinga yake ilikuwa ikiishambulia protini hiyo, na jina limetokana na herufi mbili za mwanzo za jina la ukoo wa mgonjwa huyo.) Ku huita protini ya Prkdc, na hiyo huamsha kimeng'enya kiitwacho Artemis, ambacho hufungua ncha zilizojifunga. Zikishafunguka, vimeng'enya vingine huongeza herufi chache na kufunga kazi. Kwa panya wa scid mlolongo unakatikia hapo katikati: ncha zinakatwa, zinajifunga, na hakuna wa kuzifungua. Mwaka 1992 ncha hizo zilizojifunga zilionekana zikiwa zimerundikana ndani ya seli za thaimasi za panya hao. Seli yenye ncha hizo haiwezi kuendelea kukua, hufa. Ndiyo sababu thaimasi yao ni tupu.

Ku hiyo hiyo, Prkdc hiyo hiyo na wale wafungaji wa mwisho ndio wanaoitwa pia pale mionzi inapokata DNA ya ngozi au ya ini. Mwili haukuunda kikosi kipya cha kushona kwa ajili ya kinga. Ulitumia kilichokuwapo.

Je, wajua kwamba farasi nao wana ugonjwa huu? Ulielezwa mwaka 1973, miaka 10 kabla ya taarifa ya panya wa Philadelphia, kwa watoto wa farasi wa Kiarabu nchini Marekani. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya dang'a, na kingamwili za mama yake humlinda kwa majuma ya kwanza. Zikiisha, maradhi humwandama, hasa ya mapafu, na kwa kawaida hafikishi miezi mitano. Mwaka 1997 ilibainika kwamba ni jeni ile ile: herufi 5 zimedondoka katika Prkdc ya farasi. Mzazi mwenye nakala moja mbovu ni mzima kabisa, hushinda mbio na tuzo za urembo. Wakikutanishwa wawili wa aina hiyo, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kutoa mtoto mgonjwa. Uchunguzi mmoja wa Marekani ulikuta farasi wa Kiarabu wapatao 8 katika kila 100 wamebeba kasoro hiyo. Siku hizi kipimo cha jeni kipo, na mfugaji makini, awe Oman au Texas, hupima kabla ya kupandisha.

Kasoro ya panya imekuwa neema kwa tiba. Mnyama asiyeweza kukataa kilicho kigeni hupokea hata seli za binadamu. Mwaka 1988 makundi mawili ya Kalifonia yaliwapandikizia panya wa scid seli za kinga za binadamu, na muda si mrefu panya hao wakaanza kutumika kuchunguza virusi vya UKIMWI, ambavyo panya wa kawaida haambukizwi. Mwaka 1994 John Dick wa Toronto alionyesha kwa panya hao kwamba ni seli chache mno za saratani ya damu zenye uwezo wa kuanzisha ugonjwa upya. Baadaye kasoro ya scid iliunganishwa na kasoro ya jeni nyingine, ile iliyomfanya David Vetter, mtoto wa Texas, aishi ndani ya chumba cha plastiki hadi siku chache kabla ya kufariki mwaka 1984 akiwa na miaka 12. Panya waliopatikana hupokea karibu kila aina ya uvimbe wa binadamu.

Na malaria. Kimelea aitwaye Plasmodium falciparum, anayeua watoto wetu kuliko vimelea wengine wote wa malaria, hawezi kuishi katika damu ya panya. Mwaka 2008 watafiti wa Tres Cantos, Hispania, walieleza namna ya kuwachoma panya wa ukoo wa scid chembe nyekundu za damu ya binadamu, kisha kuwaambukiza falciparum. Tangu hapo dawa mpya za malaria hujaribiwa kwa kimelea halisi ndani ya mnyama hai kabla hazijamfikia mtu. Kwa maoni yangu, hili pekee linatosha kumfanya Mswahili aijue Prkdc.

Lakini kujikata kuna gharama yake, na mahali gharama hiyo ilipoonekana kwanza kwa macho ni Kampala. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alionyeshwa katika hospitali ya Mulago mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Alipoona mwingine wa namna hiyo akaanza kuuliza hospitali baada ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo leo ina jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu yapata kilomita 16,000 mashariki na kusini mwa Afrika, wakiwaonyesha madaktari na wauguzi picha na kuwauliza kama wamewahi kuona kitu hicho. Saratani hiyo ilikuwako kwenye joto na mvua, ikakosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani yake ilifanana na ramani ya malaria. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege ndivyo vilivyowezesha Anthony Epstein na wenzake, mwaka 1964, kuona kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr.

Mwaka 1982 ndipo kasoro yenyewe ilipoonekana ndani ya DNA. Katika seli nyingi za uvimbe huo kromosomu ya 8 na ya 14 zimekatika na kubadilishana ncha. Kutoka ya 8 imekuja jeni ya MYC, inayoamuru seli igawanyike. Imetua kwenye kromosomu ya 14, jirani kabisa na jeni ya kingamwili, mahali ambapo katika seli B hapalali usiku wala mchana. Amri ya kugawanyika ikawa haikomi.

Mkasi uliohusika hapo ni mwingine. Mwaka 1999 maabara ya Tasuku Honjo mjini Kyoto iligundua, kwa kutumia seli za panya, kimeng'enya kiitwacho AID. Hiki hufanya kazi baadaye, wakati seli B iliyokutana na adui inapoboresha kingamwili yake. Hubadilisha herufi za DNA kwa makusudi, na warekebishaji wakija kuondoa herufi hizo mikato hutokea. Mara chache hukosea mahali, na MYC ni mojawapo ya jeni zinazoumizwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwaambukiza panya malaria ya muda mrefu. Seli zao B ziliendelea kuwasha AID kwa majuma mengi, mikato ikaongezeka, na panya waliokosa jeni ya p53, mlinzi wa DNA, wakapata saratani za seli B. Swali ambalo ramani ya Burkitt ilikuwa imeliuliza tangu 1961 likapata sehemu kubwa ya jibu lake.

Tumalizie kwa watoto. Kwa binadamu kasoro ya Prkdc yenyewe ni adimu mno, na mgonjwa wa kwanza alielezwa mwaka 2009. Kasoro ya Artemis inajulikana zaidi. Miongoni mwa Wanavajo, wenyeji wa kusini-magharibi mwa Marekani, humpata takriban mtoto mmoja katika kila 2,000 wanaozaliwa. Mwaka 2022 zilitangazwa habari za watoto 10 waliorudishiwa jeni nzima ya Artemis ndani ya seli zao wenyewe za uboho, na wote walikuwa hai.

Je, wajua kwamba kipimo kinachowagundua watoto hawa mapema kinahesabu mabaki ya mkasi? Limfosaiti T inapokata DNA yake ndani ya thaimasi, kipande kilichotolewa hujifunga na kuwa kiduara, kikabaki kinaelea ndani ya seli. Tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga likionyesha viduara vingi, thaimasi inafanya kazi. Visipokuwepo, mtoto hana kinga hata kama ananenepa na kucheka. Jimbo la Wisconsin lilianza kupima watoto wote mwaka 2008, na ilipofika mwisho wa 2018 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yanapima. Ilidhihirika kwamba mtoto mmoja katika kila 58,000 huzaliwa na upungufu huo, na kwamba wanaopandikizwa uboho kabla ya miezi mitatu na nusu hupona kwa zaidi ya 90 katika 100.

Kwetu Afrika Mashariki watoto wote hawapimwi hivyo, lakini wote huchomwa chanjo ya kifua kikuu, BCG, mara wanapozaliwa. Chanjo hiyo ina bakteria hai waliodhoofishwa. Kwa mtoto wa kawaida ni kinga njema na asiikose. Kwa mtoto asiye na limfosaiti, bakteria hao wanaweza kuenea mwili mzima. Basi mama, ikiwa umewahi kufiwa na mtoto mchanga kwa maradhi ya kujirudia ya mapafu, utando mdomoni usiokoma au kuharisha kusikoisha, au jambo hilo limetokea kwa ndugu wa karibu, mweleze mkunga au daktari kabla mtoto mpya hajachomwa.